Ukuta umefika linta, karatasi inasema asilimia 25. Serikali imejenga kiasi gani?

KaraniWaSaiti (mleta uzi), Amu (Lamu)

Salaam aleikum nyote.

Jana baada ya Isha, hapo Mkunguni mbele ya Ngome, wazee wawili nusura wamwagiane kahawa. Mmoja alikuwa na karatasi aliyochapishiwa na mjukuu wake, imeandikwa kwamba mradi fulani wa madarasa kule bara umetumia asilimia 25 ya fedha zake. Mwenzake alipita kule asubuhi, akaona kwa macho yake kuta zimefika linta, ile boriti ya juu ya milango na madirisha, akaapa kazi imeshapita nusu. Basi huyu akamwita yule mwongo, yule naye akamwita huyu kibaraka. Mimi nilishika kikombe changu nikanyamaza, maana nimeandika daftari za saiti miaka ishirini na kitu, na nilijua wote wawili wanasema kweli.

Nitaeleza kwa mfano. Tarakimu nimezibadilisha makusudi ili mradi usitambulike, na nimezifanya za mviringo ili zisiwachoshe.

Tuseme bajeti ilitenga milioni 12. Tenda ikafunguliwa, kontrakta akashinda kwa milioni 10. Kazi ikaanza. Ikifika mwisho wa mwaka wa fedha, tarehe 30 Juni, mkadiriaji majenzi anakwenda na tepu yake, anapima msingi, jamvi (zege la sakafu), kuta, linta, anazidisha kwa bei zilizomo kwenye BQ, ile orodha ya vipimo na bei ya mkataba, anapata kazi ya milioni 5.5. Hiyo ndiyo iliyosimama pale, ungeweza kuipiga teke ukaumia kidole. Lakini kontrakta halipwi yote. Hushikwa sehemu mpaka muda wa kuangalia kasoro uishe, tuseme asilimia 10, kwa hiyo hati za malipo kwa jumla ni milioni 4.95. Hati ya kwanza ya milioni 3 imelipwa. Ya pili imelala mezani kwa mtu.

Sasa niulize: serikali imejenga kwa shilingi ngapi? Milioni 12? 10? 5.5? 4.95? 3? Mzee wa karatasi alishika 3 akaigawa kwa 12, akapata asilimia 25. Mzee wa macho alishika 5.5 juu ya 10. Ni tepu mbili tofauti.

Msimamo wangu ni huu, na niko tayari kupigwa mawe: kama swali ni ujenzi, hesabu ya haki ni ile 5.5, thamani ya kazi iliyosimama. Nyingine zote ni hesabu za karatasi. Zina kazi yake, lakini hazikwambii kilichojengwa.

MwanaMokowe

Maalim, sisi wa Mokowe tushachoka na hesabu. Ukisema 5.5 ama 3, mwisho wake pesa zimeliwa au hazikuliwa? Hilo tu.

BintLangoni

Kaka MwanaMokowe, subira. Mimi ni mhasibu, nimekaa na voucha za ujenzi mpaka naziota, na nataka kuitetea hiyo 3 kidogo kabla Karani hajaizika.

Serikali huihesabu 3 kwa sababu ndiyo iliyotoka kwenye akaunti. Pesa ya kaunti haitoki bila idhini ya Msimamizi wa Bajeti, hiyo imo kwenye Katiba ya 2010, na ofisi hiyo hutoa ripoti za robo mwaka zinazoonyesha kila kaunti ilitengewa nini, ilitolewa nini na ilitumia nini. Mtu yeyote anaweza kuzisoma. Karatasi ya yule mzee haikutoka hewani. Ni hesabu ya fedha taslimu: shilingi haijalipwa, haijatumika. Ina faida moja kubwa, kwamba si rahisi kuibishia. Benki inayo kumbukumbu.

Ila ubaya wake ni kwamba deni halionekani mahali pake. Kontrakta ameshajenga, ametumia simiti ya mkopo, mafundi wanamdai, lakini kwenye kitabu cha mwaka ule kazi yake ni kama haikutokea. Italipwa mwakani au mwaka wa tatu, na hapo ndipo kitabu kitasema "tumejenga", wakati saiti haina hata kibarua mmoja. Kwa hiyo ukichora mchoro wa matumizi ya maendeleo utaona mlima mwezi Juni. Watu hufikiri ni kazi. Mara nyingi ni hati zilizosukumwa kabla dirisha halijafungwa.

Kisha kuna ile sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2012. Inataka kaunti itenge angalau asilimia 30 ya bajeti kwa maendeleo, kwa muda wa kati. Kutenga. Neno hilo moja limeficha mengi. Unaweza kutenga 30 kila mwaka na ukuta usipande hata mkono mmoja.

NahodhaMstaafu

Karani, umenena, lakini wewe na Bint Langoni nyote mmesahau bahari.

Mfuko wa simiti hutoka Mombasa, ukapita Malindi, Garsen, Witu, ukafika Mokowe. Hapo watu wa bara hudhani umefika. Haujafika! Hushuka garini, hupandishwa mashuani, hushushwa gatini Amu, hutiwa mgongoni mwa punda, ndipo uingie ndiani kwenda kwenye jengo. Kila aushikaye ataka chake. Mchanga vivyo hivyo, nao si wa kuchota Shela, maana vile vilima vya mchanga ndivyo vihifadhio mayi ya mui huu tunayokunywa. Mawe ya Manda huja kwa maji, mvua ya masika ikishika au kusi ikivuma hayaji kwa wakati.

Sasa darasa moja la Amu na darasa moja la Malindi, vipimo ni vile vile, mlango ule ule. La Amu litakuwa na thamani kubwa kwa hesabu yenu. Je, Amu imejengewa zaidi? Yeo mtu akisoma shilingi peke yake atasema watu wa Amu wamependelewa, kumbe nusu ya upendeleo kala punda.

SabakiMpya (Malindi)

Ami Nahodha nimecheka, lakini ni kweli tupu. Kwetu Malindi lori lafika mpaka mlangoni, na tuktuk ziko za kubeba mabati.

Naongeza jingine. Hata hapa Malindi, darasa la mwaka huu si bei ya darasa la miaka mitano iliyopita. Nondo zimepanda, simiti imepanda, dizeli imepanda. Serikali ikisema matumizi ya ujenzi yamekua, mimi huuliza: yamekua matofali au yamekua bei? Shirika la Takwimu, KNBS, hutoa fahirisi ya bei za vifaa vya ujenzi, kipimo kinachoonyesha zimepanda kiasi gani. Ukitaka kulinganisha mwaka na mwaka lazima uitumie hiyo kupunguza, bila hivyo unapima mfumuko wa bei kwa jina la maendeleo.

Swali kwa mleta uzi: hiyo hesabu yako ya 5.5, kuna nchi inayoifanya kweli kweli, au ni ndoto za makarani wa saiti?

KaraniWaSaiti (mleta uzi)

Ipo. Marekani, ofisi yao ya sensa hufanya hivyo kila mwezi, na mfululizo wa takwimu zao unarudi nyuma mpaka miaka ya 1960. Wanaita thamani ya ujenzi uliowekwa mahali pake, na maneno hayo yenyewe yananifurahisha. Kwa miradi ya majimbo na serikali za mitaa, wanachagua sampuli ya miradi, halafu kila mwezi wanamwuliza mwenye mradi: mwezi huu imewekwa kazi ya dola ngapi? Hawaulizi umelipa ngapi, wala mkataba ulikuwa wa ngapi.

Na wanaeleza waziwazi kilichomo. Vifaa vilivyokwisha kufungwa au kusimamishwa, ujira, kukodi mitambo, faida ya kontrakta, gharama za wachoraji na wahandisi, na gharama za ofisi zinazouhusu mradi. Ardhi haimo. Matengenezo ya kawaida hayamo.

Hapo kwenye vifaa simameni kidogo. Vilivyofungwa. Mifuko 200 ya simiti iliyolala chini ya turubali bado si ujenzi. Mkataba unaweza kuruhusu kontrakta alipwe kwa vifaa vilivyoletwa saiti, na hapo kitabu cha Bint Langoni kitasema pesa imetumika, lakini ukuta haujui habari hiyo. Na kwa unyevu wa bahari yetu, simiti ikikaa wiki nyingi inageuka jiwe ndani ya mfuko. Nimewahi kuona safu nzima ya mifuko iliyoganda ikitumiwa kama ngazi ya kupandia. Ililipwa hiyo!

Takwimu zao hutoka na kurekebishwa. Za Agosti hutoka mwanzoni mwa Oktoba, kisha miezi inayofuata huzipitia tena majibu yaliyochelewa yakifika. Hawaoni aibu kubadilisha tarakimu. Huku kwetu tarakimu ikibadilika watu hufikiri mtu kaiba, na pengine ndiyo sababu hakuna anayethubutu kuirekebisha.

Mtego mmoja kwa anayezisoma: tarakimu yao kubwa ya mwezi imezidishwa kana kwamba mwezi ule ungeendelea mwaka mzima, na imesawazishwa misimu kwa sababu ya baridi yao. Mtu akiichukua kuwa ya mwezi mmoja amepotea mara 12. Kwa mwaka 2024 ujenzi wote wa huko, wa watu binafsi na wa umma, ulipita dola trilioni 2, na wa umma ulikuwa chini kidogo ya robo.

BintLangoni

Kusawazisha misimu ndiko kungetufaa sisi! Mwaka wetu wa fedha unaisha 30 Juni, yaani masika haijakauka vizuri na kusi imeshaanza kuvuma. Msimu mbaya kuliko yote kusafirisha vifaa visiwani ndio msimu ambao kila ofisi inataka kumaliza pesa. Aliyepanga kalenda hii hakuwahi kupanda mashua.

MwanaMokowe

Narudi kwenye swali langu. Na bandari? Hapo Kililana pametajwa mabilioni tangu LAPSSET, ule mradi wa bandari na njia za kwenda Ethiopia na Sudan Kusini, izinduliwe 2012. Gati tatu zimejengwa, ya kwanza ikafunguliwa Mei 2021. Hizo pesa zimehesabiwa kuwa ujenzi wa Lamu?

KaraniWaSaiti (mleta uzi)

Ndugu, hapo umegusa penye utamu. Gati yenyewe ni ujenzi. Kuchimba kina cha bahari ili meli kubwa ipite, huo pia ni ujenzi, ingawa huoni kitu juu ya maji. Barabara ya kuingilia ni ujenzi.

Lakini fidia ya mashamba si ujenzi. Ni ununuzi wa ardhi, pesa imebadilisha mikono na ardhi iko pale pale. Na ile bilioni 1.76 ambayo Mahakama Kuu iliamua 2018 wavuvi walipwe kwa kuharibiwa riziki yao, hiyo nayo si ujenzi, hata ikiandikwa chini ya jina la mradi. Ni haki yao, na mimi nina jamaa waliomo katika orodha hiyo, lakini ukiijumlisha kwenye "thamani ya bandari" umefanya bandari ionekane ndefu kuliko ilivyo. Kwa hiyo mtu akikutajia mabilioni ya mradi, mwulize kwanza: ndani yake ardhi ni ngapi, fidia ni ngapi, riba ya mkopo ni ngapi, zege ni ngapi?

Kisha mjengaji pale ni serikali kuu, si kaunti. Jengo liko Lamu, daftari liko Nairobi. Ukisoma vitabu vya kaunti hutaiona.

BintLangoni

Na kinyume chake hutokea pia, kitu kimoja kuonekana mara mbili. Shule moja inaweza kupata darasa kutoka NG-CDF, yaani mfuko wa maendeleo wa eneo bunge, darasa kutoka wizarani, na la chekechea kutoka kaunti, maana chekechea ni jukumu la kaunti. Mifuko mitatu, vibao vitatu. Serikali kuu ikiipa kaunti ruzuku ya kujengea, Nairobi wataandika "tumetumia" na Lamu wataandika "tumetumia". Shilingi ni moja, imepigwa picha mbili. Anayejumlisha lazima amhesabu aliyejenga tu, yule aliyetuma pesa amwache.

Tena msidanganyike na rangi. Kupaka rangi darasa la zamani na kubandika kibao kipya ni matengenezo. Ukiezeka upya paa zima au kuongeza chumba, hapo tutazungumza.

MwanaMokowe

Sawa, nimeelewa. Ila mimi si mtoto. Hiyo 5.5 yako Karani nani kaipima? Si mtu yule yule aliyetumwa na mwenye kalamu? Benki angalau haina shemeji. Tepu ina shemeji wengi.

KaraniWaSaiti (mleta uzi)

Hili swali nilikuwa nalingoja, na nilikuwa naliogopa. Wacha niseme, yamepita miaka mingi na sitataja mahali wala mtu.

Nilikuwa karani kijana kwenye jengo la umma, mahali fulani pwani hii. BQ ilisema msingi uchimbwe kina cha mita 1.2, upana senti 60, na urefu wote wa mitaro ulikuwa mita 40. Kwa hesabu hiyo ni mita za ujazo 28.8. Vijana walichimba, wakafika senti 70 sururu ikaanza kutoa cheche. Mwamba wa matumbawe, mgumu, safi. Fundi mkuu akashuka mwenyewe, akaugonga kwa ncha ya nondo, akasema jengo litakaa hapa mpaka kiama. Alikuwa sahihi. Nikateremka na tepu, matope mpaka magotini, nikapima pembe zote nne na katikati, nikaandika senti 70. Mita za ujazo 16.8.

Jioni nikaitwa. Nikaambiwa, kwa upole kabisa, kwamba daftari langu "halilingani na BQ" na nilisawazishe. Tofauti ni mita za ujazo 12 za mchanga na mawe ambazo hakuna mtu aliyezichimba, na juu yake ukuta wa msingi wa nusu mita kuzunguka mitaro yote ambao hakuna aliyeujenga. Nilikuwa na mke mja mzito na kodi ya chumba. Nikaandika 28.8. Alfajiri zege likamwagwa, na tangu siku hiyo hakuna tepu duniani inayoweza kunisuta.

Kwa hiyo ndiyo, MwanaMokowe, tepu ina shemeji. Ila angalia shemeji hujificha wapi: kwenye kazi inayofukiwa. Msingi, nondo ndani ya zege, mabomba, tabaka za chini za barabara. Ukuta, mlango, bati, hivyo unaweza kurudi kuvipima hata baada ya miaka kumi. Benki ingeonyesha malipo ya 28.8 bila doa, kila sahihi mahali pake. Karatasi safi kabisa. Mtu pekee ambaye angeweza kuujua uongo ule ni aliyesimama kwenye mtaro kabla ya alfajiri na tepu.

Wazee walisema mali bila daftari huisha bila habari. Mimi nimeona mali ikiisha daftari lipo, limejaa, na mwandiko wangu ni mzuri.

NahodhaMstaafu

Allah akusamehe mwanangu. Umeusema mwenyewe, si haba.

SabakiMpya (Malindi)

Heshima Karani. Mimi nitatoka kwenye toba nirudi kwenye kazi: mwananchi anapataje BQ? Bila BQ hata ukipima ukuta huna bei ya kuuzidishia.

BintLangoni

Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya habari iliyoko kwa serikali. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi siku 21 kukujibu. Andika barua, taja jina la mradi kama lilivyo kwenye kibao, omba BQ iliyotiwa sahihi, hati zote za malipo na mabadiliko yote ya mkataba. Hayo mabadiliko usiyasahau, kwa sababu bei ya mkataba inaweza kuongezwa mpaka asilimia 25 chini ya sheria ya ununuzi ya 2015, na mkataba wa milioni 10 ukawa 12.5 bila kibao kubadilishwa. Pigisha mhuri nakala yako. Nakala isiyo na mhuri ni barua ya mapenzi.

Mkaguzi Mkuu wa Hesabu naye hutoa ripoti zake, na mara nyingine wakaguzi wake huenda saiti na kuandika walichokikuta: jengo limesimama, kontrakta hayupo, mlango haujatiwa. Hizo sentensi fupi zina thamani kuliko jedwali zima. Ila hutoka jengo likiwa limeshaota nyasi.

SabakiMpya (Malindi)

Na ile "mradi umefika asilimia 60" wanayoandika kwenye ripoti za maendeleo?

KaraniWaSaiti (mleta uzi)

Mara nyingi ni jicho. Mtu anasimama mlangoni, anaangalia juu, anasema 60. Kuta zikisimama jengo linaonekana limekwisha, kumbe paa, plasta, sakafu, milango, madirisha na umeme ndivyo vinavyokula nusu ya pesa. Huyo mzee wangu wa jana alisema kazi imepita nusu kwa jicho pia, akapatia kwa bahati.

Asilimia ya kweli ni kipengele kwa kipengele: kilichopimwa, mara bei yake, juu ya jumla ya mkataba. Kwa chumba kimoja ni kazi ya asubuhi moja. Urefu wa ukuta mara kimo, toa mlango, toa madirisha. Mtoto wa darasa la saba anaweza.

MwanaMokowe

Basi twende. Madarasa ya yule mzee wa karatasi hayako mbali na kwetu, na BQ yake kuna mwalimu ameshaiona kwa macho. Jumamosi?

KaraniWaSaiti (mleta uzi)

Jumamosi baada ya Alfajiri, mashua ya kwanza. Nitamleta mzee wa karatasi na mzee wa macho, kila mmoja ashike ncha moja ya tepu. Jamvi limeshamwagwa, msingi hatuupati tena, nitaandika hivyo hivyo: "haukupimwa".

BintLangoni

Chukueni tepu ya mita 30. Ile ya mita 5 wazee watainama mara nane kwa kila ukuta, mtarudi na kesi nyingine.

NahodhaMstaafu

Na maji ya kunywa. Kule hakuna.